Dalili ya Mvua ni Mawingu: Viashiria vya Inflamesheni katika Damu na Utambuzi wa Mapema wa Saratani ya Tumbo

Kila siku ya kazi, katika maabara za hospitali na vituo vya afya, mashine huhesabu chembe za damu za wagonjwa na kutoa karatasi yenye safu ndefu ya tarakimu. Tabibu huangalia kwanza himoglobini, kisha jumla ya chembe nyeupe, na mara nyingi huishia hapo. Hesabu ya nyutrofili, ya limfosaiti na ya chembe sahani hubaki karatasini bila kuulizwa neno. Katika miaka ya karibuni, watafiti wa nchi mbalimbali, hasa za Asia ya Mashariki, wamekuwa wakizihoji tarakimu hizo. Wanataka kujua iwapo damu ya kawaida, ichukuliwayo mkononi kwa dakika chache, inaweza kutoa habari za saratani ya tumbo kabla ugonjwa huo haujakomaa.

Swali hilo lina uzito mkubwa. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, watu wapatao 968,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, yaani saratani ya mfuko wa chakula, na watu wapatao 660,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Ni ya tano miongoni mwa saratani zote, kwa wingi wa wagonjwa na kwa wingi wa vifo. Hata hivyo, ikikutwa ingali katika tabaka za juu za ukuta wa tumbo, zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi nchini Japani na Korea Kusini huwa hai miaka 5 baada ya matibabu. Ikikutwa imekwisha kusambaa katika ini au katika utando wa tumbo, wanaofikia miaka hiyo ni wachache sana.

Afrika Mashariki wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa katika hali hiyo ya pili. Dalili za mwanzo ni hafifu na hufanana na za vidonda vya tumbo: kiungulia, tumbo kujaa gesi, maumivu chini ya kifua, kushiba upesi. Mgonjwa hununua dawa dukani, hupata nafuu, kisha maumivu hurudi. Kipimo cha endoskopi, ambacho watu wengi hukiita kamera ya tumbo, hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, na gharama yake pamoja na nauli huwalemea wengi. Ndiyo maana kipimo cha damu cha bei nafuu kinachoweza kumtambua mgonjwa mapema kingepokewa kwa furaha kubwa. Lakini kabla ya kukipokea, ni lazima kifahamike kinasema nini, na kinanyamaza wapi.

Moto unaofukuta kwa miaka mingi

Inflamesheni ni mwitikio wa mwili unapoumizwa au unapovamiwa na vijidudu. Mishipa midogo ya damu hutanuka, chembe nyeupe hukimbilia mahali palipodhurika, na kemikali za kuitana hutolewa ili ulinzi uongezeke. Kidole kilichochomwa na mwiba huwa chekundu, hupata joto, huvimba na kuuma; hayo yote ni matendo ya inflamesheni. Kazi yake ikiisha, hutulia na jeraha hupona. Madhara huanza pale isipotulia, ikawa kama moto wa pumba unaofukuta chini kwa chini mwaka baada ya mwaka.

Uhusiano wa moto huo na saratani ulitajwa zamani. Mwaka 1863, mwanapatholojia wa Kijerumani Rudolf Virchow aliona chembe nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa saratani, akafikiri kwamba saratani huchipuka mahali penye inflamesheni ya muda mrefu. Kwa upande wa tumbo, chanzo kikuu cha moto huo kilikuja kujulikana baada ya zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha maabarani bakteria waliotoka katika tumbo la binadamu, ambaye leo huitwa Helicobacter pylori. Kwa kuwa wengi hawakusadiki kwamba kiumbe huyo huleta ugonjwa, mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, na baada ya siku chache tumbo lake likapata inflamesheni. Mwaka 1994, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulimweka bakteria huyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Marshall na Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Njia ya kutoka inflamesheni hadi saratani ilichorwa na mwanapatholojia wa Kolombia, Pelayo Correa, aliyechunguza watu wa nyanda za juu za Nariño, ambako ugonjwa huu ni mwingi. Alionyesha kwamba tumbo hupita hatua kwa hatua. Kwanza ni inflamesheni ya kudumu. Kisha tezi zinazotengeneza asidi hunyauka na kupungua. Halafu utando wa tumbo hubadilika na kufanana na utando wa utumbo. Baadaye seli huanza kukosa mpangilio, na mwisho huwa saratani. Safari hiyo huchukua miongo kadhaa, na wengi wenye bakteria hawafiki mwisho wake. Utafiti uliochapishwa Japani mwaka 2001 uliwafuatilia watu 1,526 kwa wastani wa miaka 7.8. Miongoni mwa 1,246 waliokuwa na bakteria, 36 walipata saratani ya tumbo. Miongoni mwa 280 wasiokuwa naye, hakupata hata mmoja.

Hapo ndipo penye matumaini ya watafiti. Ikiwa saratani hii huandaliwa na inflamesheni kwa miaka mingi, na ikiwa inflamesheni huacha alama katika damu, basi huenda damu ikatoa onyo mapema.

Jinsi damu inavyobeba habari

Seli za saratani, pamoja na chembe za kinga zilizozizunguka, hutoa kemikali ziitwazo saitokaini. Mojawapo, intalukini-6, husafiri hadi kwenye ini na kuliamrisha litengeneze protini za dharura, zikiwamo fibrinojeni na protini tendaji C, ambayo katika karatasi za maabara huandikwa CRP. Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Wakati huohuo ini hupunguza kutengeneza albumini. Uboho wa mifupa nao hupokea ujumbe: nyutrofili huongezeka, na chembe sahani pia huweza kuongezeka. Limfosaiti, ambazo ni miongoni mwa askari hodari wa kupambana na seli za saratani, mara nyingi hupungua.

Kutokana na mabadiliko hayo, wataalamu wametunga vipimo vya uwiano visivyohitaji mashine mpya. Kinachojulikana zaidi hupatikana kwa kugawanya idadi ya nyutrofili kwa idadi ya limfosaiti. Mtu mwenye nyutrofili 6.0 na limfosaiti 1.5 ana uwiano wa 4. Mwenye nyutrofili 2.0 na limfosaiti 2.0 ana uwiano wa 1. Kwa njia hiyohiyo chembe sahani hugawanywa kwa limfosaiti. Hesabu zote hizo zaweza kufanywa kwa kalamu kutoka katika picha kamili ya damu ambayo mgonjwa amekwisha kuilipia.

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba, kwa jumla, wagonjwa wa saratani ya tumbo wana uwiano mkubwa kuliko watu wenye afya. Zimeonyesha pia kwamba mgonjwa mwenye uwiano mkubwa kabla ya upasuaji huelekea kuishi muda mfupi zaidi kuliko mwenye uwiano mdogo. Matokeo hayo ni ya kweli na yana manufaa kwa daktari anayepanga matibabu. Hata hivyo, kutabiri mwenendo wa ugonjwa uliokwisha kujulikana ni kazi moja, na kuugundua ugonjwa uliojificha ni kazi nyingine. Tafiti nyingi zililinganisha wagonjwa waliothibitishwa, wengi wao wakiwa na saratani iliyokomaa, na watu wazima wa afya. Katika zahanati, mlinganisho haupo hivyo. Tabibu anatakiwa kumtofautisha mwenye saratani changa na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye malaria, mwenye jino bovu au mwenye mafua. Na saratani changa ni ndogo. Mara nyingi haitoi moshi wa kutosha kuonekana katika damu.

Hesabu isiyopendelea mtu

Ili kuona tofauti hiyo, na uchukuliwe mfano wa kubuni, wenye tarakimu zilizochaguliwa kwa urahisi wa hesabu. Kuna kipimo cha damu kinachowatambua watu 70 katika kila wagonjwa 100 wa saratani, na kinachowaachilia kwa usahihi watu 70 katika kila 100 wasio na saratani. Kipimo hicho kinapelekwa kijijini na kutumiwa kwa watu 10,000 wasio na dalili, ambao 10 kati yao wana saratani bila kujua. Kitawatambua 7 na kuwakosa 3. Lakini katika wale 9,990 wasio na ugonjwa, 2,997 wataambiwa kwamba damu yao ina shaka. Watu 3,004 watahitaji endoskopi ili wapatikane wagonjwa 7, yaani mgonjwa mmoja katika kila watu 429. Hakuna hospitali ya rufaa itakayouhimili msafara huo, na hofu itakayoingia katika nyumba za watu haina kipimo.

Sasa kipimo kilekile kitumiwe katika kliniki, kwa watu 1,000 wenye dalili za hatari, ambao 100 kati yao wana saratani. Kitawatambua 70, na kuwatia shaka bure 270. Mtu mmoja katika kila watano wenye majibu ya shaka atakuwa na saratani kweli. Hapo kipimo kinaonekana kuwa na faida, kwa kuwa kinaweza kusaidia kupanga nani atangulie katika foleni ya endoskopi. Lakini sharti watazamwe pia wale waliopata majibu mazuri. Ni watu 660, na ndani yao wamo 30 wenye saratani. Tabibu akiwarudisha wote nyumbani kwa kuwa damu yao ni nzuri, mmoja katika kila 22 atakuwa amerudishwa na ugonjwa wake.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima hutazama wingu akaanika au kuanua, lakini anajua kwamba kuna mawingu yanayopita bila kudondosha tone, na kuna mvua inayoanguka ghafla. Uwiano wa chembe za damu ni wingu la namna hiyo.

Kipimo kinapovuka bahari

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa wasomaji wa Afrika Mashariki. Viwango vinavyotenganisha majibu mazuri na mabaya katika tafiti nyingi vilipatikana kwa watu wa China, Japani, Korea na Ulaya. Damu ya watu wa Afrika ina historia yake. Waafrika wengi walio kusini mwa Sahara wamerithi badiliko katika jeni linalotengeneza alama ya Duffy juu ya chembe nyekundu. Badiliko hilo huwakinga dhidi ya malaria ya aina ya Plasmodium vivax, na pia huambatana na idadi ndogo ya nyutrofili katika damu bila ugonjwa wowote. Utafiti wa kitaifa nchini Marekani uliona athari ya jambo hili: wastani wa uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti ulikuwa 1.76 kwa watu weusi na 2.24 kwa watu weupe.

Maana yake ni nzito. Mtu ambaye uwiano wake wa kawaida ni 1 unaweza kupanda maradufu hadi 2, na bado ukaonekana mzuri kwa kipimo kilichowekwa ng'ambo. Onyo litakuwa limetolewa, na hakuna atakayelisikia.

Kwa upande wa pili, magonjwa ya kwetu huweza kupiga kengele bure. Malaria kali hupunguza limfosaiti na chembe sahani. Virusi vya Ukimwi hubadilisha hesabu ya limfosaiti. Kifua kikuu na maambukizi ya bakteria hupandisha CRP. Ujauzito huongeza nyutrofili, na dawa za jamii ya prednisoloni huongeza nyutrofili na kupunguza limfosaiti. Upungufu wa madini ya chuma, hata ule unaoletwa na minyoo ya safura, huweza kupandisha chembe sahani. Kwa sababu hizo, tafiti za hapa nyumbani, zinazopima watu wa hapa pamoja na magonjwa yao ya hapa, ni sharti la kwanza kabla kiwango chochote hakijawekwa ukutani mwa kliniki.

Yale yanayofaa tangu sasa

Upungufu huo hauzifanyi tarakimu za damu kuwa bure. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachunguza watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi ambao chembe sahani zao zilizidi kiwango. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 11.6 ya wanaume na asilimia 6.2 ya wanawake waligunduliwa kuwa na saratani ya aina fulani, ikilinganishwa na asilimia 4.1 na 2.2 kwa wale ambao chembe sahani zao zilikuwa za kawaida. Mwongozo wa nchi hiyo unamtaka daktari afikirie endoskopi kwa mtu wa miaka 55 na zaidi mwenye chembe sahani nyingi pamoja na dalili kama kichefuchefu, kupungua uzito au maumivu ya tumbo la juu. Jambo la kuzingatiwa ni lile neno "pamoja". Tarakimu haikusimama peke yake. Iliunganishwa na umri na maelezo ya mgonjwa.

Japani imeendeleza njia nyingine ya damu, ya kupima pepsinojeni, protini zitokazo katika tezi za tumbo lenyewe. Tezi zinaponyauka kwa sababu ya inflamesheni ya muda mrefu, pepsinojeni ya kwanza hupungua kuliko ya pili. Kipimo hicho huunganishwa na kile cha kingamwili dhidi ya Helicobacter pylori, ili kujua nani yuko katika hatari zaidi na anastahili endoskopi. Faida yake ni kwamba hueleza hali ya tumbo, ilhali uwiano wa chembe za damu hueleza hali ya mwili mzima. Hata hivyo, nacho hakithibitishi saratani. Korea Kusini, ambako zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa saratani ya tumbo huishi miaka 5 na zaidi, ilifika hapo kwa mpango wa taifa wa kuwachunguza watu wa miaka 40 na zaidi kila baada ya miaka 2, na nguzo ya mpango huo ni endoskopi.

Kwa mhudumu wa afya, mafunzo yanayotokana na hayo ni bayana. Karatasi ya picha kamili ya damu isomwe yote, na ilinganishwe na karatasi za nyuma za mgonjwa yuleyule. Mabadiliko ndani ya mtu mmoja hueleza mengi kuliko kiwango kilichoazimwa. Himoglobini inayoshuka polepole kwa mwanamume, au kwa mwanamke aliyekoma hedhi, itafutiwe chanzo, kwani huenda tumbo linavuja damu. Vidonge vya kuongeza damu pekee si jibu. Chembe sahani zilizopanda bila sababu inayoeleweka zirudiwe na zifuatiliwe. Na pale zipo dalili za hatari, rufaa iandikwe bila kungoja majibu ya damu: kupungua uzito bila kukusudia, kutapika mara kwa mara, kutapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kukwama wakati wa kumeza, uvimbe unaoshikika tumboni, au maumivu mapya ya tumbo kwa mtu aliyevuka umri wa makamo. Umri mdogo nao usichukuliwe kuwa kinga.

Dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, zahitaji uangalifu. Zinaweza kutuliza maumivu na hata kufunika kidonda cha saratani changa kwa muda, mgonjwa akadhani amepona. Huweza pia kuficha bakteria katika kipimo cha choo au cha pumzi. Kwa kawaida huachwa kwa wiki 2 kabla ya kupima, na viuavijasumu kwa wiki 4, kwa ushauri wa daktari.

Kwa mgonjwa, ni vema afahamu haki ya kuuliza. Aliyetumia dawa za vidonda vya tumbo kwa wiki kadhaa bila kupona, au ambaye maumivu hurudi kila dozi inapokwisha, amweleze mhudumu waziwazi na kuuliza kama wakati wa endoskopi umefika. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani ya tumbo alitaje jambo hilo hata kama hakuulizwa. Aliyekutwa na Helicobacter pylori amalize dawa zake zote na arudi kupimwa kuhakikisha bakteria wamekwisha, maana kuuzima moto mapema hupunguza hatari ya kufika hatua za mbele. Kupunguza chumvi nyingi na vyakula vilivyokaushwa kwa chumvi, na kuacha tumbaku, nako husaidia. Asiogope akisikia kwamba chembe zake zimepanda, kwa kuwa mara nyingi sababu ni nyingine. Wala asifarijike kupita kiasi akiambiwa damu ni safi ilhali mwili unaendelea kukonda.

Saratani ya tumbo huthibitishwa kwa kinyama kilichochukuliwa kwa endoskopi na kusomwa chini ya hadubini, na mpaka sasa hakuna tone la damu lililochukua nafasi hiyo. Kazi inayoweza kufanywa na damu ni kumsogeza mtu anayestahili karibu na mlango huo mapema zaidi. Ikitumiwa kuufunga mlango, itakuwa imemdhuru mgonjwa yuleyule iliyekusudiwa kumwokoa.